Zamu ya Kujibu

Mtu atafutaye utulivu aghalabu huukimbilia ukimya. Hufunga mlango, huzima redio, huwafukuza watoto barazani, kisha huketi akingoja moyo utue kama maji ya mtungini yatuavyo taka zikashuka chini. Ajabu ni kuwa mara nyingi moyo hautui. Ukimya ukishaenea nyumbani, yale yaliyokuwa yakinong'ona ndani ya mtu hupata nafasi ya kusema kwa sauti kuu, na aliyefunga mlango ili apumzike hujikuta amefungiwa pamoja na wagomvi wake. Hali hiyo ilimpata mwalimu mmoja wa Tanga. Habari yake si kubwa. Hapana vita ndani yake wala safari ya mbali, ila safari ya kutoka Tanga mpaka Ushongo, ambayo ni mwendo wa saa chache tu. Hata hivyo yafaa ielezwe, kwa kuwa wasomi wengi wa lugha na tungo wana ugonjwa aliokuwa nao mwalimu huyo, wala hawajui kuwa ni ugonjwa.

Alipofika Ushongo mwezi wa Agosti mwaka 2016 alikuwa na umri wa miaka 47. Miaka 22 kati ya hiyo aliitumia kufundisha Kiswahili shuleni, na kabla ya hapo, katika ujana wake mwishoni mwa miaka ya 1980, alipiga gitaa katika kikundi kidogo cha taarabu mjini Tanga. Msomaji asiyeijua taarabu ya Tanga yampasa aelezwe kwamba haifanani sana na ile ya Unguja. Unguja, tangu Ikhwani Safaa ilipoundwa mwaka 1905, wapigaji wengi huketi pamoja na udi, kanuni, nai na fidla, na wimbo mmoja huenda kwa utulivu mrefu kabla haujafika mwisho wake. Vijana wa Tanga wa miaka ya 1960, ambao mitaani mwao walisikia pia dansi la Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, walishika gitaa la umeme na besi, wakaufupisha wimbo, wakaupa mwendo mwepesi. Black Star ndiyo iliyoupa mtindo huo jina, na Lucky Star ikafuata nyuma yake. Mwaka 1989 sahani ya nyimbo za vikundi hivyo viwili ilitolewa Uingereza kwa jina la Nyota, na watu wa mbali wakastaajabu kuwa mji wa mkonge na reli ulikuwa na sauti kama ile.

Katika taarabu hiyo gitaa lina kazi yake. Mwimbaji hutoa mshororo, akanyamaza kidogo. Gitaa huingia mahali hapo, likayarudia mahadhi yake au likayapinda kwa adabu, kisha likamrudishia mwimbaji njia. Katika kikundi cha mwalimu kazi hiyo iliitwa kujibu. Yeye alikuwa mjibuji hodari, na wote walikiri, lakini hakuridhika. Alitaka kutunga, na tungo zake mbili ziliwekwa kando. Alitaka kuongoza, na uongozi ukapewa mwingine aliyekuwa mdogo kwake. Akajitoa bila ugomvi na bila kuaga. Watu aliwaambia kuwa masomo yanamvuta. Kwa hakika kilichomvuta kilikuwa kinyongo, na kinyongo ni farasi mwenye nguvu: kilimfikisha chuoni, kikamfikisha kwenye shahada, kikamweka mbele ya ubao.

Huko masomoni alijifunza vina na mizani, bahari za mashairi na kanuni zake, na sikio lake likanolewa hata likawa kali kupita kiasi. Sikio lililofunzwa ni mali, hapana abishaye. Lakini ni mali iliyo mfano wa mbwa wa ulinzi. Asipofundishwa kutofautisha, humbwekea mgeni kama ambwekeavyo mwivi. Mwalimu alikwenda harusini akarudi na hesabu ya makosa. Alimsikia mtoto wake akiimba bafuni akamsahihisha kupitia mlango uliofungwa. Nyumbani kwake muziki ulikoma bila mtu kuupiga marufuku. Watu waliacha tu, kama waachavyo kucheka mbele ya mtu asiyecheka.

Kisha mwezi wa Februari mwaka huo baba yake mzazi alifariki dunia. Mzee huyo alikuwa mtu wa maneno machache. Kila jioni, kwa muda wa miaka, mwalimu alipita kwake akitoka kazini, na kila jioni mzee aliuliza neno moja, 'Umeshindaje?' Mwalimu alijibu kwa kifupi, wakanywa kahawa, akaenda zake. Baada ya mazishi hakulia sana. Ila usingizi ulimtoka, na kila sauti, hata ya kijiko ndani ya kikombe, ikawa adui yake. Tabibu alimpima, hakuona maradhi, akamshauri apumzike mahali penye kimya. Ndipo mama yake mdogo, mkazi wa Ushongo, alipompelekea salamu kwamba nyumba ina nafasi na bahari haidai kodi.

Ushongo iko kusini ya mto Pangani. Mwalimu alipita mashamba ya mkonge, akafika Pangani mjini, akavuka kwa pantoni hadi Bweni, akapanda pikipiki katikati ya minazi mpaka kijijini. Alichukua nguo chache, vitabu vitatu, na gitaa lake kavu la zamani ambalo hakulifungua kwa miaka kumi na moja. Mkewe ndiye aliyelitia katika mzigo, bila kusema neno. Mkabala na kijiji, baharini, kipo kisiwa cha Maziwe, kilichofanywa hifadhi mwaka 1975. Zamani kisiwa hicho kilikuwa na miti. Miti ilikwisha, pakabaki fungu la mchanga ambalo maji makuu hulifunika lote, hata mayai ya kasa yatagwayo huko hayana budi kuhamishiwa ufukweni Ushongo yasije yakazama. Agosti ni mwezi wa kusi. Upepo huvuma kutoka kusini mchana kutwa, mwani hurundikana pwani, na bahari hainyamazi.

Hili la mwisho lilimwudhi. Alikuja kutafuta kimya, naye alikuta kijiji kizima kikipiga kelele kwa taratibu. Alfajiri jogoo na mwadhini; kisha nazi kukunwa nyumba hadi nyumba; kisha wanawake wakiponda makumbi kwa magogo ili wapate nyuzi za kusokotea kamba; kisha wavuvi wakivuta ngalawa kuipandisha mchangani, mmoja akitoa sauti na wengine wakiitikia, na chombo kikisogea kila wanapoitikia na kusimama kila anapotoa sauti. Mwalimu alijifungia chumbani. Siku tatu hakutoka ila kwa sala na chakula.

Lakini palikuwa na sauti moja isiyozuiwa na mlango. Mama yake mdogo hukaa barazani kutwa akisuka ukili wa mikeka, na asukapo huimba. Sauti yake ilikwisha kuchakaa; ilikuwa kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi, chepesi na chenye vitundu. Nyimbo zake zilikuwa za Shakila binti Said, na hili si ajabu, maana Shakila alikuwa mzaliwa wa Pangani kabla ya kuwa sauti ya Black Star huko Tanga katika miaka ya 1960, na kabla ya kuhamia Dar es Salaam alikoimbia taarabu ya Jeshi la Kujenga Taifa. Watu wa upande ule humhesabu kuwa wao. Kwa sikio la mwalimu, hata hivyo, uimbaji wa barazani ulikuwa adhabu. Sauti ilishuka polepole kutoka mahali ilipoanzia. Neno moja katika ubeti wa pili lilibadilishwa. Na kila mwisho wa mshororo yule mama alikawia, akasahau hesabu, akaanza tena alipotaka.

Siku ya nne mwalimu alishindwa kuvumilia. Akatoka.

'Shikamoo, Mama.'

'Marahaba, mwanangu. Umeamka salama?'

'Salama. Mama, uniwie radhi. Wimbo huo neno lake silo hilo. Tena hapo mwisho unakawia mno, mizani yavunjika.'

Mama hakuinua macho. Vidole vyake viliendelea kupishana, mmoja chini na mwingine juu, na ukili ukaongezeka urefu wa ukucha.

'Siimbi, mwanangu,' akasema. 'Nasuka.'

Mwalimu alirudi chumbani akiwa na hasira kidogo, kama mtu aliyeshindwa kwa hoja asiyoielewa. Neno lile halikumtoka. Yeye alikuwa amezoea kuwa wimbo ni kitu kinachosimama peke yake, kama sanamu juu ya meza, ambacho watu hukizunguka na kukitazama. Hakuwahi kufikiri kuwa wimbo waweza kuwa sehemu ya mkeka. Na kwa kuwa alikuwa msomi, alijaribu kulitatua jambo hilo kwa njia ya wasomi, yaani kwa kukumbuka aliyosoma.

Alikumbuka waraka wa muziki ulioandikwa na Ikhwan al-Safa wa Basra katika karne ya 10, wanachuoni ambao jina lao linasikika tena katika kikundi cha Unguja. Hao hawakuanza na majumba ya wafalme. Walitaja mahadhi ya wapagazi, ya wajenzi na ya mabaharia, yapunguzayo uchovu wa mwili. Wakataja na mahadhi yaliyopigwa hospitalini wakati wa alfajiri ili kuwapunguzia wagonjwa maumivu. Alikumbuka pia Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, ambaye kabla ya kwenda Bombay mwaka 1928 kutiwa sauti katika sahani alikuwa akitembeza vyungu, sauti yake ikimtangulia njiani. Shaaban Robert, aliyepata kuwa karani wa forodha huko Pangani, ameandika wasifu wa bibi huyo, na mwalimu alikuwa amewafundisha wanafunzi wake kitabu hicho mara nyingi. Alipofundisha, vyungu alivipita haraka, akavihesabu kuwa umaskini uliotangulia sanaa. Sasa alianza kushuku kwamba labda vyungu ndivyo vilivyokuwa chuo. Mtu auzaye chungu kwa sauti hujifunza haraka sana ni mahali gani asikilizwapo na ni mahali gani apaswapo kunyamaza ili mnunuzi aseme bei yake.

Fikira hizo zilikuwa nzuri, lakini hazikumletea usingizi. Maarifa mara nyingi hukaa kichwani kama mgeni wa heshima, asile wala asioshe vyombo.

Jumamosi tarehe 20 Agosti asubuhi, redio ya jirani ilitangaza kuwa Shakila amefariki dunia jana yake huko Dar es Salaam. Yalikuwa maji ya bamvua, siku mbili baada ya mwezi mpevu. Bahari ilikuwa imekupwa mbali, na wanawake wengi walikuwa wameshuka miambani kutafuta pweza. Kijiji kilikuwa na watu wachache. Mama mdogo alisikia habari akiwa na ukili mkononi. Vidole vikasimama. Kwa muda wa siku zote zile mwalimu hakupata kuviona vimesimama.

'Ametutangulia,' akasema yule mama. Kisha, baada ya kitambo, 'Sikupata kumwona kwa macho hata siku moja. Lakini mikeka yangu yote amenisaidia kuisuka.'

Akavuta miyaa mingine, akaiunga, akaanza tena. Wimbo ulikuwa ule ule aliousahihishwa. Safari hii sauti ilitetemeka mwanzoni, ikajishika, ikafika mwisho wa mshororo, ikanyamaza. Mwalimu alikuwa ameegemea nguzo ya baraza. Hakuwa akisikiliza kama hakimu, maana huzuni ya mtu mwingine ilikuwa imemnyang'anya kalamu. Na katika kunyamaza kule alisikia kitu ambacho sikio lake kali halikukisikia kwa siku tisa. Mama yake mdogo hakuwa akikawia. Hakuwa amesahau hesabu. Alikuwa akingoja gitaa.

Zamani alizijifunza nyimbo hizo katika redio, na katika redio kila mshororo ulijibiwa. Muda wa jibu aliutunza ndani ya wimbo kama mtu anayemwekea mwenzake nafasi kwenye mkeka. Miaka ilipita, gitaa halikuwapo, naye hakuiziba nafasi ile. Mizani haikuvunjika hata mara moja. Aliyekosekana alikuwa mpigaji.

Mwalimu aliingia ndani akalifungua gitaa. Uzi mmoja ulikuwa umekatika, na mbao zilikuwa zimefura kidogo kwa unyevu wa pwani. Alizikaza nyuzi tano zilizosalia, kisha akafanya jambo ambalo mwaka mmoja uliotangulia angeliona aibu: alizilegeza zote, moja baada ya moja, mpaka zikalingana na sauti ya yule mama ilipokuwa imeshukia. Akaketi kizingitini. Mshororo ulipoisha, alijibu.

Vidole vyake vilikuwa vigumu, na jibu la kwanza lilikuwa baya. Mama hakugeuka kumtazama. Aliendelea na mshororo wa pili kana kwamba gitaa lilikuwa hapo siku zote, akanyamaza kwa kipimo kile kile, akapewa jibu la pili. Walikwenda hivyo mpaka ubeti wa mwisho. Ukili ukawa umefika magotini mwake.

Usiku ule mwalimu alikaa pwani. Mwezi ulichelewa kidogo kuchomoza. Yaliyompitia moyoni hayakuja kwa mpango, na pengine ni kosa kuyapanga, lakini mawili yaweza kusemwa. La kwanza lilihusu kikundi cha Tanga. Kwa karibu miaka 30 alikuwa akiamini kuwa walimnyima cheo. Sasa aliona kwamba walimwacha mahali alipokuwa hodari, na kwamba yeye ndiye aliyepadharau. Alikuwa mtu wa kujibu kwa tabia yake. Hata darasani, saa zake njema hazikuwa zile za kuhutubia, bali zile ambapo mwanafunzi aliuliza swali lisilotazamiwa, naye akapata neno la kumrudishia. Hakuna aliyewahi kumwambia kuwa hiyo ni kazi ndogo. Alijiambia mwenyewe, akajiamini.

La pili lilikuwa zito zaidi. Lilihusu 'Umeshindaje?' Alikuwa akidhani hakumlilia baba yake kwa sababu moyo wake ni mgumu. Usiku ule alitambua kwamba kila jioni, tangu Februari, saa ile ile ya kutoka kazini, jibu lilikuwa likijitengeneza ndani yake kwa mazoea: leo nimeshinda hivi, leo nimechoka, leo mtoto amefaulu. Majibu hayo hayakuwa na mwulizaji. Yalikuwa yamejaa kifuani, na usiku, nyumba iliponyamaza, yalianza kusukumana. Tabibu alikuwa amempeleka kwenye kimya, ilhali kimya ndicho kilichokuwa kidonda. Akalia, na kwa kuwa kusi lilikuwa likivuma hapana aliyemsikia. Kisha, kwa sauti ya kawaida, kama mtu azungumzaye na mwenzake barazani, alimweleza baba yake alivyoshinda siku ile. Haikuchukua muda. Wawili wale hawakuwa na desturi ya maneno mengi.

Asifikiri msomaji kwamba mtu yule alipona siku moja. Usingizi ulirudi baadhi ya siku, na siku nyingine haukurudi. Sikio lake halikuwa butu. Hata leo kinanda kisicholinganishwa humpa shida. Tofauti ilikuwa ndogo, yaani alijifunza kuuliza, kabla ya kuhukumu sauti, kama sauti ile imeacha nafasi, na nafasi hiyo ni ya nani. Wiki mbili zilizobaki alizitumia akifanya kazi za watu. Alishika kamba pamoja na wavuvi, na kwa kuwa hakuijua kazi aliwekwa nyuma, upande wa kuitikia. Viganja vyake vikachubuka. Jioni moja alisimama na watoto wa kijiji kutazama vitoto vya kasa vikitoka katika kiota kilichohamishwa kutoka Maziwe, vikiteremka majini bila mlinzi na bila kiongozi, na watoto wakivihesabu kwa kelele hata hesabu ikawapotea. Zamani angaliwasahihisha.

Gitaa aliliacha Ushongo. Alisema ataleta uzi wa sita atakaporudi, naye mama yake mdogo akamwambia asijisumbue kwa haraka, kwa kuwa matano yanatosha kwa mikeka.

Siku ya kuondoka pikipiki ilikuja mapema. Mwalimu alitoka na mzigo begani akamkuta yule mama mahali pake, ukili mpya umeanzwa, wa rangi ya zambarau na nyeupe. Alikuwa ameshaanza kuimba. Mjukuu wa jirani, mtoto wa miaka minne au mitano, alikuwa amekaa miguuni pake na sufuria tupu na mwiko, na mshororo ulipoisha, ile nafasi ilipofika, mtoto aliipiga sufuria mara tatu kwa nguvu zake zote, nje kabisa ya mizani. Mama akaendelea na mshororo wa pili. Mwenye pikipiki alipiga honi. Mwalimu alimwashiria asubiri, akautua mzigo chini, akaketi kizingitini mpaka wimbo ukaisha, ndipo akaaga.